Injini Inaposema, Dereva Asikilize

Na achukuliwe kwa mfano askari mmoja mstaafu wa Bwera, ambaye hapa anasimama kwa niaba ya wengi walio kama yeye. Amelitumikia jeshi miaka mingi, amelipwa kiinua mgongo chake, na sehemu kubwa ya fedha hizo amenunulia gari dogo la Toyota lililokwisha tumika Japani kabla ya kuletwa Uganda. Gari hilo sasa ndilo shamba lake. Asubuhi hupeleka abiria Kasese, jioni huwarudisha Bwera. Karo ya watoto hutoka humo, na sabuni na chumvi ya nyumbani hutoka humo humo.

Jioni moja mstaafu huyo anarejea na abiria wanne. Amekwisha pita Kikorongo, karibu na mahali ambapo mstari wa ikweta hukata barabara. Ameiacha njia kuu iendayo Katunguru, naye ameshika ile ya Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Pande zote mbili ni nyika ya Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ghafla anasikia mlio mzito chini ya injini: ko, ko, ko, ko. Akikanyaga mafuta, mlio unakwenda mbio. Akiachilia, unapungua kasi. Mbele ya macho yake taa nyekundu yenye alama ya kibirika cha oili inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika.

Abiria wa mbele anasema, "Afande, twende tu pole pole, Kinyamaseke si mbali."

Wa nyuma anaongeza, "Mzee, hapa ni mahali pa nyati na tembo. Usitusimamishe gizani."

Afanye nini? Ajikongoje hadi penye watu, au azime injini hapo hapo mbugani? Jawabu linategemea jambo moja tu, nalo ni kujua mlio ule unasema nini. Kwa hiyo yafaa kumwacha mstaafu huyo barabarani kitambo kidogo, ili milio ya injini ielezwe mmoja mmoja.

USHAHIDI KABLA YA HUKUMU

Askari polisi mwenye busara hamkamati mtu kwa sababu tu kelele imesikika mtaani. Kwanza huuliza: imesikika saa ngapi, imetoka upande gani, na nani alikuwapo? Dereva naye hana budi kuihoji kelele ya gari lake kabla ya kutoa hukumu, na maswali yake ni matatu.

Swali la kwanza: mlio huja lini? Uko mlio unaosikika asubuhi tu, injini ikiwa baridi, kisha ukapotea. Uko unaokuja baada ya mwendo mrefu, injini ikiwa moto. Uko usiosikika kabisa kwenye tambarare ya Kasese, lakini gari likianza kupanda bonde la Nyamwamba kwenda Kilembe, unajitokeza.

Swali la pili: mlio huandamana na nini, mbio za injini au mbio za magurudumu? Hili ni rahisi kulijua. Gari lisimamishwe mahali salama, gia iwekwe nyutro, breki ya mkono ivutwe, kisha mafuta yakanyagwe kidogo. Kama mlio unasikika na kuongezeka, chanzo chake ni injini au vifaa vinavyozungushwa nayo. Kama kuna kimya, na mlio unarudi gari linapotembea tu, basi uchunguzi uelekezwe kwenye magurudumu, breki, shafti au giaboksi. Watu wengi wamelipa fedha za kufungua injini, kumbe mgonjwa alikuwa beringi ya gurudumu.

Swali la tatu: mlio hutoka wapi, juu ya injini, chini, mbele penye mikanda, au nyuma penye ekzosi? Sauti hupita katika chuma na kulidanganya sikio. Ndiyo sababu mafundi hutumia bisibisi ndefu: ncha huwekwa kwenye chuma cha injini, mpini huwekwa karibu na sikio, na mahali ambapo mlio ni mkubwa zaidi ndipo chanzo kilipo au kilipo karibu. Kazi hiyo ina hatari zake. Injini inazunguka, feni inazunguka, mikanda inakimbia. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, ncha ya bisibisi isikaribishwe kwenye kitu kinachozunguka, na watoto wasikaribie. Mama mwenye leso au kitenge kinachoning'inia asiinamie injini inayonguruma.

OILI KWANZA

Kabla ya maswali hayo yote, iko kazi isiyohitaji fundi wala fedha. Ni kupima oili ya injini. Gari lisimame mahali sawa, injini izimwe, na dakika chache zipite ili oili ishuke chini. Kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe mpaka mwisho, kisha kichomolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, iongezwe. Ikiwa juu ya alama ya juu, ipunguzwe, kwa maana wingi wake nao ni hasara.

Oili yenyewe husema. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamechanganyika nayo, na mara nyingi mkosaji ni gasketi ya silinda iliyoungua. Ikiwa na vijichembe vinavyometameta kama mchanga wa fedha, chuma kinasagika ndani. Weusi peke yake si ugonjwa. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa.

Sababu ya kuanza na oili ni hii. Ndani ya injini chuma hakigusani na chuma. Kati ya shafti kuu na beringi zake pana utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu, na utando huo ndio unaobeba mzigo wote. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, utando hukatika, chuma hukutana na chuma, na hapo ndipo kugonga kunapoanza. Taa nyekundu ya oili inapowaka katika mwendo huonya kwamba msukumo wa oili umeshuka. Dereva akiiona, aondoe gari njiani na kuzima injini mara moja.

MILIO MYEPESI

Iko milio inayotisha masikio lakini si ya hatari kubwa ikishughulikiwa mapema. Wa kwanza ni ule wa kulia kama panya, unaosikika injini inapowashwa asubuhi au taa kubwa zinapowashwa. Huo aghalabu ni mkanda unaoteleza, ama kwa kulegea, ama kwa kuchakaa. Fundi huujaribu kwa kuunyunyizia maji kidogo kutoka mbali: mlio ukibadilika au kunyamaza kwa muda, mkanda umejulikana. Usidharauliwe, kwani katika magari mengi mkanda huo huzungusha dainamo na pampu ya maji pia. Ukikatika njiani, injini itachemka.

Wa pili ni mlio wa tiki-tiki-tiki kutoka juu ya injini, mwepesi kama cherehani. Aghalabu ni wa valvu na tapeti: ama nafasi kati yake imepanuka na yahitaji kurekebishwa, ama oili haifiki juu vya kutosha. Lakini tiki-tiki inayosikika asubuhi na kufifia injini ipatapo moto yaweza kuwa gesi inayovuja penye gasketi ya ekzosi, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa. Uvujaji huo usiachwe, hata kama hautishi. Gesi ya ekzosi haina harufu kali ya kumwonya mtu wakati wote, na ikiingia ndani ya gari lililofungwa vioo huweza kuua abiria waliolala.

Wa tatu ni mgongano hafifu wa injini iliyochoka, unaosikika injini ikiwa baridi na kutoweka baada ya dakika chache. Huenda ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Gari la namna hiyo laweza kufanya kazi muda mrefu bado, mradi oili ipimwe kila siku.

Upo pia mlio wa mlimani. Gari la petroli likipanda kilima na mzigo, na dereva akaking'ang'ania gia kubwa, husikika kelele kama ya misumari inayotikiswa katika kopo. Huko ni petroli kuwaka ndani ya silinda kwa namna isiyo sawa, kwa sababu ya petroli hafifu, moto wa plagi unaokuja mapema mno, injini iliyochemka, au masizi yaliyojaa. Dawa ya papo hapo ni kupunguza mafuta na kushusha gia. Dawa ya kudumu ni kwa fundi, kwa maana kelele hiyo ikiachwa hutoboa pistoni.

MLIO MZITO

Sasa unakuja mlio ambao dereva hana ruhusa ya kubishana nao. Ni mgongo mzito unaotoka chini ya injini, kama nyundo inayopiga gogo, unaokwenda mbio na injini na kuzidi mafuta yakikanyagwa. Mara nyingi ni beringi za konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti kuu. Beringi hizo zikilika, konrodi hucheza na kuigonga shafti kila mzunguko. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huigonga shafti hiyo maelfu ya mara katika kipindi hicho kifupi. Konrodi ikikatika hutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna cha kutengeneza tena. Injini nzima hutupwa.

Katika gari la petroli la zamani, fundi huitafuta silinda yenye ugonjwa kwa kuchomoa waya za plagi moja moja, akitumia koleo lenye mpini wa mpira. Mlio ukipungua waya fulani ulipochomolewa, ni silinda hiyo. Dereva asifanye hivyo kwenye magari ya siku hizi yenye umeme mkali na kompyuta, wala asilegeze mabomba ya nozeli za dizeli, kwani msukumo wake waweza kupenya ngozi ya mkono. Kazi hizo ni za wenye ujuzi.

KLACHI NA MAGURUDUMU

Mlio ukianza pale klachi inapokanyagwa na kunyamaza inapoachiliwa, ishukiwe beringi ya klachi. Ukinyamaza klachi inapokanyagwa na kurudi inapoachiliwa, ishukiwe beringi ya ndani ya giaboksi. Ngurumo inayokua kwa mbio za gari, na kubadilika gari linapokata kona, ni desturi ya beringi ya gurudumu. Ka-ka-ka usukani unapokunjwa mpaka mwisho huwa ni jointi za shafti za magurudumu ya mbele. Mkwaruzo wa chuma breki inapokanyagwa maana yake ni pedi zilizokwisha, na gari hilo lisishuke mlima wowote kabla ya kutengenezwa.

MAJI YA NYAMWAMBA

Watu wa Kasese wana sababu ya pekee ya kujua athari ya maji kwa injini. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukashuka kutoka milima ya Rwenzori na mawe makubwa, ukabomoa nyumba na madaraja katika bonde la Kilembe. Hata katika mvua za kawaida, vijito hupita juu ya barabara za vijijini.

Dereva asiingie katika maji asiyoyajua kina wala nguvu. Mto unaokwenda kasi huweza kulichukua gari pamoja na waliomo. Na kama injini imezimika ndani ya maji, isiwashwe tena. Hewa hubanwa ndani ya silinda, lakini maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na kuyakuta, konrodi hupinda. Gari livutwe mpaka nchi kavu, plagi au nozeli zitolewe, maji yatolewe, na oili ikaguliwe. Mkanda unaolia baada ya kulowa utanyamaza ukikauka, lakini kugonga kulikoanza baada ya gari kupita majini hakukauki.

KUSEMA NA FUNDI

Wenye magari wengi hufika kwa fundi na kusema, "Gari linapiga kelele." Maneno hayo hayamsaidii fundi, nayo humfungulia mlango yule asiye mwaminifu. Yafaa pawe na daftari la shule ndani ya gari. Humo iandikwe tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, na mlio wowote mpya pamoja na majibu ya yale maswali matatu. Mwenye gari akisema, "Mlio uko chini, huja injini ikiwa moto, hukimbia pamoja na injini, na wiki hii nimeongeza lita moja ya oili," amekwisha fanya nusu ya kazi ya fundi.

Kadhalika, kabla ya kufunguliwa kitu chochote, bei ikubaliwe, na kifaa kibovu kilichotolewa kionyeshwe kwa mwenyewe. Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hachukizwi na swali.

JAWABU LA MSTAAFU

Yule mstaafu aliyeachwa barabarani sasa anajibiwa. Mlio ni mzito, uko chini, unakwenda na injini, na taa ya oili inawaka. Shahidi wawili wanasema neno moja. Anazima injini, anaachia gari lijiburure mpaka kando, anawasha taa za hatari. Abiria wote wanabaki ndani, vioo vimefungwa, na anawaambia, "Nyati ni wa usiku mmoja. Injini hii ni ya miaka yote ya watoto wangu."

Anatazama nje pande zote kwa tochi, anatoka peke yake, anafungua boneti na kuchomoa kijiti. Ncha yake ni kavu karibu kabisa. Hapo anakumbuka. Asubuhi mkewe alipokuwa akifagia ua alimwita, akamwonyesha madoa meusi mahali gari lilipolala. "Mzee," alisema, "gari lako limelia usiku kucha." Naye alikuwa na haraka ya abiria, akajibu kwamba ataangalia jioni.

Baada ya saa nzima linakuja lori. Dereva wake ana oili ya akiba. Inatiwa, injini inawashwa kwa nukta chache, taa inazimika, lakini ko-ko ingali pale. Abiria wanashangilia taa. Mstaafu anasikiliza mlio. Anazima tena, na kuomba kamba. Gari lake ni la gia za mkono, kwa hiyo laweza kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini; lingekuwa la gia za kujibadilisha, magurudumu yanayoendeshwa na injini yangepaswa kuinuliwa. Anakumbuka pia kwamba injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito, basi anamsihi mwenye lori aende mwendo wa pole mpaka Bwera.

Fundi anapofungua chini ya injini anakuta skrubu ya kumwagia oili imelegea, na beringi za konrodi mbili zimechubuka. Shafti kuu ni nzima. Beringi zinabadilishwa, skrubu inakazwa, oili mpya inatiwa. Mstaafu anapoteza siku kadhaa za kazi, na karo ya muhula inachelewa kulipwa. Injini haikupotea. Lau angejikongoja mpaka Kinyamaseke, yamkini shafti ingekwisha, na kiinua mgongo cha miaka mingi kingebaki kando ya barabara.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya gari kuwashwa, mama hufagia ua na kutazama chini yake, mtoto mkubwa huchomoa kijiti na kusoma, na baba huandika daftarini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nyumba yenye gari, ufa huo mara nyingi huonwa kwanza na mwenye kushika ufagio.